Kasuku wa Nje ya Pazia

Jina la Kasuku alipewa kwa utani, na utani ukimkaa mtu vizuri hugeuka jina. Kazi yake katika karakana ya kaka yake ilikuwa kurudia. Fundi aliingia na mteja nyuma ya pazia la maua, akamzungushia futi, ile laini inayoning'inia shingoni mwa mafundi wote, kisha akatangaza: "Bega, kumi na nne!" Kasuku, aliyeketi nje na sindano yake na kopo la vifungo, aliitikia: "Kumi na nne!" "Mkono, kumi na tisa!" "Kumi na tisa!" Basi, imeingia, na ikiingia haitoki. Siku ya kukata, Fundi alisimama na mkasi akauliza, "Haya mwalimu wa hesabu, yule mpishi kiuno chake?" naye akataja bila kuinua macho kutoka kwenye tundu la kifungo alilokuwa akilidarizi.

Watu walipita kumjaribu. Mama mmoja alimuuliza vipimo vya gauni lake la harusi, akatajiwa palepale mbele za watu, na akaondoka amenuna, maana hakuna anayependa kukumbushwa kiuno cha ujana wake. Fundi alicheka mpaka akakaa chini. Alikuwa na msemo wake: "Mafundi wengine wana madaftari, mimi nina dada." Kwa hiyo kumbukumbu ya Fundi ilikuwa ikikaa nje ya pazia, juu ya kigoda, na uzi mdomoni.

Tusimwonee Kasuku kwa jinsi alivyompenda kaka yake. Wazazi walipofariki, huyo kaka ndiye aliyeacha shule akashika cherehani. Alimlisha, akamvisha, akamwoza. Mume alipokwenda kutafuta maisha, akayapata hukohuko na asirudi, Fundi alimfungulia dada yake chumba cha uani pasipo kuuliza neno, yeye na mtoto mgongoni. Mtu wa namna hiyo humkagui. Unamshukuru asubuhi, unamshukuru jioni, na katikati unafanya kazi.

Yule mtoto wa mgongoni sasa alikuwa darasa la saba. Walimwita Kifungo, kwa kuwa alipokuwa akitambaa chini ya meza ya kukatia alimeza kifungo cha koti, na nyumba nzima ikakaa roho juu mpaka kilipotoka kwa njia zake chenyewe. Mjomba wake ndiye aliyekuwa akiwasimulia wateja habari hiyo. Mjomba alimpenda, kila mtu aliliona hilo. Kila likizo alisema, "Huyu anarefuka kama mgomba, mleteni nimpime tena," na kila likizo Kifungo alipata gauni jipya. Kasuku alikuwa akisema Mungu hamtupi mja wake.

Mwaka huo, msimu wa sare ulipoanza, wasichana wa darasa la saba walianza kuja saa ya chakula cha mchana. Fundi akishavuka barabara kwenda kula, wao hao, wawili wawili, wamesimama mlangoni kama wadai waliokosa ujasiri.

"Shikamoo mama Kifungo. Tumekuja na vipimo vyetu."

"Marahaba. Nani kawapima?"

"Tumepimana nyumbani."

"Haya, semeni."

Wakasema. Bega kumi na nne, mkono kumi na tisa, kiuno ishirini na nne, urefu thelathini na sita. Walighani kama sala, macho yametazama juu. Siku ya pili wengine, wimbo uleule. Kasuku aliitikia kila namba, akawaaga, akarudi kwenye vifungo vyake. Mwanamke aliyeitikia namba nusu ya umri wake hasikilizi tena namba, husikia sauti tu na kuihifadhi. Jioni akamtajia Fundi, na Fundi akafurahi, akapanga vitambaa kimoja juu ya kingine, akakata mara moja mkasi ukilia. "Darasa lenye nidhamu hili," akasema. "Wote mwili mmoja."

Sare zilichukuliwa. Siku mbili hazijapita, zikarudi.

Ilikuwa kituko. Msichana mmoja mrefu, gauni limemwishia juu ya magoti kama shati la babake. Mwingine mfupi, gauni linafagia vumbi. Wa tatu, mnene, mtoto wa sista, muuguzi wa zahanati, lake lilikuwa limekwama mabegani, na alivuka mtaa mzima mikono imeinuliwa kama mtu aliyekamatwa. Wapita njia walicheka. Kasuku naye alicheka, akamvua gauni lile taratibu, akasema, "Nyinyi mmepimana na nini, na kamba ya mbuzi?"

Wasichana hawakucheka. Walitazama chini, wote, mahali pamoja, kana kwamba kuna kitu kimeanguka pale.

Sista, aliyekuwa amemsindikiza mwanawe, aliwaambia wasichana watangulie. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, na wakati huo alikuwa bado amevaa viatu vyake vyeupe vya kazini. Alilitazama lile pazia la maua, kisha akavuta kigoda akakaa karibu sana na Kasuku, magoti yakagusana.

"Mama Kifungo, mwanangu hataki kuingia nyuma ya hilo pazia. Hakupimwa na mtu. Namba alipewa azikariri."

"Na nani?"

"Nilimuuliza. Akaniambia, nimuulize Kifungo." Sista alishusha sauti. "Mimi si mamake Kifungo. Ndiyo maana nimekuja kwako kwanza. Ila sitangoja sana, dada yangu. Jumamosi wanaletwa watoto wa darasa la kwanza kupimwa."

Kasuku alisema, "Nimesikia." Alipoondoka sista, aliendelea kushona. Baadaye aliona tone la damu kwenye kola nyeupe, akatafuta lilikotoka, akakuta sindano imeingia kidoleni mwake na yeye hana habari.

Alichukua gauni moja kati ya yale yaliyorudi, akavuka ua, akaingia chumbani. Jua lilikuwa bado lipo. Kifungo alikuwa amekaa kitandani akisuka nywele za mwanasesere asiye na mkono, mwanasesere aliyekuwa amemwacha tangu darasa la tatu.

"Jaribu hili."

Kifungo alilitazama gauni, akamtazama mama yake. Aligeukia ukuta, akalivaa juu ya nguo alizokuwa nazo, akafunga vifungo mpaka shingoni. Halafu akageuka. Hata juu ya nguo lilimkaa. Bega lilikaa pale bega linapotakiwa, mkono ukaishia kwenye kifundo, urefu ukaishia chini kidogo ya goti, kama sheria ya shule isemavyo. Fundi alikuwa fundi, hilo hatumnyang'anyi. Darasa zima lilikuwa limeshonewa mwili wa mtoto huyu mmoja.

Kasuku alikaa chini, sakafuni.

"Wewe ndiye uliyewapa namba."

"Ndiyo."

"Kwa nini?"

"Mtu akija na vipimo haingizwi nyuma ya pazia." Kifungo alisema kama anayeeleza njia ya kwenda sokoni. "Nami sina vingine ninavyovijua. Hivyo nimevisikia mara nyingi."

"Anafanya nini huko nyuma, mwanangu?"

Mtoto alifikiri. "Mkono mmoja unashika futi," akasema. "Mwingine haushiki futi."

Hakuongeza, na Kasuku hakumlazimisha. Alisikia maneno, akaelewa kila moja, na hakuna lililomchoma. Aliogopa kwa sababu halikumchoma. Ilikuwa ganzi, ile ya mguu uliokaliwa muda mrefu, ila safari hii ilikuwa imeanzia kifuani.

"Kwa nini hukuniambia?"

Kifungo alimtazama kwa mshangao wa kweli. Hakuwa na hasira, na afadhali angekuwa nayo.

"Nilidhani unajua, mama. Ulikuwa unaitikia."

Hapo Kasuku akakumbuka. Alikumbuka bega likitajwa, naye akaitikia. Kisha kimya. Alikuwa ameketi na uzi mdomoni akingoja mkono utajwe, na mkono hautajwi, na barabarani muuza maji anapita, na bado hautajwi. Likizo moja alichoka kungoja, akapaza sauti, "Kaka, mkono! Au umelala?" Na nyuma ya pazia kaka yake akacheka, akasema, "Mkono, kumi na tisa!" Naye akaitikia. Kwa furaha kabisa akaitikia, na mwanawe alikuwa upande wa pili wa kitambaa cha maua, hatua mbili kutoka kwenye kigoda chake, akisikia sauti ya mama yake ikisema ndiyo, imeingia.

Alitaka kulia, machozi yakakataa. Alimvuta mtoto, akamkalisha mapajani mkubwa vile, miguu ikaburuza sakafuni.

"Sikujua," akasema. "Nakuamini. Kosa si lako hata chembe. Na hatakupima tena."

"Sawa," akasema Kifungo. Ilikuwa sawa ya mtu aliyeahidiwa mvua.

Kasuku alikwenda jikoni kwa wifi yake, mke wa Fundi. Hakujua anakwenda kutafuta nini, pengine mtu wa kupiga ukunga kwa niaba yake. Wifi alikuwa akichambua mchele. Alisikiliza mpaka mwisho, vidole vinatafuta mawe, na hakuuliza nani wala lini.

"Wifi yangu," akasema, "funika kombe mwanaharamu apite. Mtoto mzima, anakula, anakwenda shule. Ukilitoa nje utamwozesha kwa nani? Na wewe mwenyewe utalala wapi?"

"Ulijua?"

Wifi alipeta mchele, makapi yakaruka. "Kwani mimi wangu wa kike niliwapeleka kwa dada yangu wakalelewe kule kwa sababu ya nini? Unadhani nilikuwa sina chakula?"

Kasuku alirudi chumbani. Alikuwa amewaonea wivu wale watoto miaka yote, kwa kupelekwa shule nzuri ya mbali. Alipanga nguo chache kwenye mfuko, akazipangua, akazipanga tena. Wifi alikuwa amesema kweli kuhusu mahali pa kulala. Chumba, kazi, kigoda, hata hilo jina lake, vyote vilikuwa vya kaka. Akisema, anabaki na mtoto na mfuko. Akinyamaza, Jumamosi atakaa kwenye kigoda na kuitikia watoto wa darasa la kwanza, wale ambao bado hawajui kushoto na kulia. Alijaribu kuona kama kuna njia ya tatu. Aliitafuta kwa bidii, hatumsingizii ushujaa ambao hakuwa nao. Haikuwepo.

Jumamosi asubuhi kaka yake alikuta karakana imeshafunguliwa, imefagiliwa, na mama wapatao kumi wamekwishafika na watoto wao. Sista alikuwepo. Kasuku alikuwa kwenye kigoda chake, na mapajani alikuwa na pazia la maua, limekunjwa vizuri. Fimbo ambako lilikuwa likining'inia ilikuwa tupu, na nyuma yake pakaonekana ni pakavu na padogo, kona tu yenye misumari miwili na kalenda ya zamani.

"Pazia vipi, mdogo wangu? Umelifua?"

"Nimelishusha."

"Basi lirudishe, watu wanangoja. Mtoto wa mtu tutampima hadharani kama mbuzi wa mnadani?" Alicheka, akawatazama wale mama wacheke naye. Wawili watatu wakacheka. Akashika mkono wa mtoto wa kwanza, kasichana kenye pengo la meno ya mbele, akavuta futi shingoni. "Haya. Bega! Kumi na moja."

Akangoja. Mama wote wakageuza shingo kumtazama Kasuku, kwa kuwa hiyo ndiyo iliyokuwa raha ya pale, kumsikia akiitikia.

Kasuku hakuitikia.

"Kumi na moja!" akarudia Fundi. "We Kasuku, umemeza kifungo?"

"Mwachie huyo mtoto, kaka." Sauti yake haikupanda. Ilitoka bapa, ileile ya kutaja viuno vya watu. "Humpimi huyo wala mwingine. Umemchezea mwanangu nyuma ya pazia hili, likizo kwa likizo, nami nimekaa hapa nikikuitikia. Darasa la saba zima wamekariri vipimo vya Kifungo ili usiwaguse. Ndiyo maana sare haziwatoshi. Muulizeni mtoto yeyote wa darasa hilo."

Fundi aliuachia mkono wa mtoto. Uso wake haukuonyesha hasira kwanza. Ulionyesha kuumia, na huo ndio uliomtesa Kasuku kuliko matusi yoyote, kwani aliufahamu tangu utoto, ulikuwa uso wa kaka anayenyimwa shukrani.

"Nani alikulea?" akauliza taratibu.

"Wewe."

"Nani alikupa pa kulala mume wako alipokutupa?"

"Wewe, kaka. Vyote wewe." Aliinuka, akaliweka pazia juu ya meza ya kukatia. "Na hilo pia ni wewe."

Mama mmoja alisema aibu gani hii, mambo ya ndani yanaanikwaje mbele za watoto. Mwingine akasema huyu Kasuku ana wazimu, Fundi amenishonea mimi tangu nikiwa msichana. Kisha, baada ya kusema hivyo, alikaa kwenye benchi, akaanza kuzungusha pete yake kidoleni. Mama mmoja kijana alimchukua mwanawe akatoka bila kuaga. Akafuata wa pili. Kale kasichana kenye pengo kalikuwa bado kamesimama na futi mabegani, mpaka sista alipokwenda akaiondoa, akaiweka mezani.

"Kikulacho ki nguoni mwako," akasema sista, hakumwambia mtu maalumu. Halafu akamgeukia Kasuku. "Mama Kifungo, twende. Mtoto yuko wapi?"

Walikwenda watatu kwa miguu, Kifungo katikati. Sista alieleza njiani, polepole, kama mtu anayesoma maelezo ya dawa: kwanza hospitali, hata kama siku zimepita, daktari amwangalie mwili na afya, halafu mshauri wa kuzungumza naye, si mara moja tu, halafu polisi, kuna askari wa kike anayeshughulikia mambo ya watoto, atasimama nao. Mtoto ataeleza akiwa tayari, hataelezeshwa kila dirisha. Pa kulala wasijali, kwake kuna kitanda sebuleni. Kasuku aliitikia kila jambo, "Ndiyo. Ndiyo." Maneno yalikuwa yanaingia yote. Yeye mwenyewe alikuwa bado yuko mbali, anawatazama wanawake wawili na msichana mmoja wakipita kwenye kivuli cha ukuta, na anashangaa wanakwenda wapi.

Chumba cha daktari kilikuwa na kitanda, sinki, na pazia. La kijani, safi, limetundikwa kwenye reli. Kasuku aliliona kabla ya kitu kingine chochote.

Daktari, mwanamke mwenye mvi mbele, alimsalimia Kifungo kabla ya kumsalimia mtu mzima yeyote. Akamwambia atakachofanya chote kwa mfuatano, na kwamba hatafanya hata kimoja bila kumuuliza. "Pazia tufunge au tuache wazi?"

Kifungo alimtazama mama yake, kisha mlango. "Funga. Lakini mama akae hapohapo nje, nimsikie."

Pazia likafungwa. Sista akasogeza kiti, na Kasuku akakaa. Mikono yake ilitafuta sindano, haikuipata, ikashikana yenyewe. Nyuma ya kitambaa daktari alikuwa akisema kwa sauti ya chini, "Naomba nikupime mapigo ya moyo. Sawa?"

"Sawa," ikasema sauti ya Kifungo.

"Sasa naomba nikuangalie tumbo. Sawa?"

"Sawa."

Kimya. Kasuku aliujua ukimya huo, alikuwa ameutunza kichwani pamoja na namba zote alizowahi kuitikia.

"Sasa nataka..."

"Hapana," ikasema sauti ya Kifungo.

Ilikuwa ndogo sana. Ingeweza kupotea kwenye mlio wa viatu koridoni. Kasuku alisimama, kiti kikaanguka nyuma yake, na ile ganzi iliyokuwa imemkaa kifuani tangu siku ya gauni ikapasuka, akasikia maumivu yote kwa pamoja, hata ya kidole.

"Hapana!" akaitikia. "Hapana! Amesema hapana!"

"Nimesikia, mama," akasema daktari. "Nimeshaacha."

Nyuma ya pazia, kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, Kifungo alianza kulia.